Umepatia Vyote Vitatu

Kiwandani walimwita Ulimi, na wala si kwa sababu alikuwa mtu wa maneno mengi. Kazi yake ilikuwa kuonja chai. Majani yakishatoka kwenye kikaushio, kabla hayajafungwa kwenye magunia, sampuli yake hupelekwa kwenye chumba cheupe chenye meza ndefu, humwagiwa maji ya moto, huchujwa kwenye bakuli ndogo zilizopangwa safu, na hapo ndipo Ulimi alipopita na kijiko chake. Alifyonza kwa kishindo mpaka mgeni aliyekuwa akipita mlangoni akageuka kutazama nani amekosa adabu. Aliizungusha chai mdomoni, akaitema kwenye ndoo, kisha akatoa hukumu: hii imekauka kupita kiasi, hii majani yalilala sana kabla ya kusagwa, hii safi, ipite. Akisema ipite, imepita. Akisema hapana, hata meneja hafungui kinywa. Miaka nenda miaka rudi mdomo wake ulijaa chai kutwa nzima, na tumboni haikuingia hata funda.

Halafu tumbo lenyewe likamgeuka. Damu alipoiona chooni mara ya kwanza alijitia hamnazo, akasema ni bawasiri, mtu wa kukaa kitako asipate bawasiri apate nini. Alipokuja kukubali kwenda hospitali, walimwambia ni saratani ya utumbo mpana, wakampasua, wakakata kipande kilichooza na kuunganisha kilichobaki. Daktari alikuwa mtu wa kusema mambo yalivyo. Alimchorea utumbo kwenye karatasi, akamwonyesha nitakata hapa na hapa, na hiki nitakitupa. Ulimi aliogopa kama mtu yeyote, lakini alimpenda daktari yule kwa uwazi wake.

Baada ya upasuaji, wodi nzima ilikuwa ikisubiri jambo moja tu, nalo si la kutajwa mezani. Wauguzi walimuuliza kwa heshima kama ametoa upepo. Dada yake mkubwa, mwanamke asiyejua kuzunguka mbuyu, aliingia wakati wa kuona wagonjwa na kuuliza kwa sauti ya sokoni kama mdogo wake ameshajamba au bado. Mkewe Ulimi akajifunika uso kwa aibu, akamwambia wifi, jamani, watu wanasikia. Basi mchana huo huo upepo ukatoka, mrefu, wa uhakika, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakampongeza kana kwamba amepata mtoto. Utumbo ulikuwa umeamka. Dada alicheka mpaka akalia, na Ulimi naye akacheka huku ameshika mshono, maana kicheko kiliuma kuliko kisu.

Kilichomvunja hakikuwa upasuaji. Ilikuwa dawa iliyofuata, ile ya kuingizwa kwenye mshipa, kikao baada ya kikao. Ilimlegeza miguu na kumtia ganzi vidole, na kitu chochote cha baridi kilimchoma kama sindano. Hayo aliyavumilia. Lakini dawa ilipita mdomoni ikafagia kila kitu. Uji ulikuwa na ladha ya ufunguo. Ndizi, ufunguo. Chai, Mungu wangu, chai yenyewe ikawa ufunguo uliochemshwa. Daktari alimwambia kwamba mara nyingi ladha hurudi, wengine mapema, wengine wanachelewa, na wachache hairudi kama ilivyokuwa. Ulimi aliyasikia yote, lakini usiku na mchana alisikia hayo ya mwisho tu.

Nyumbani mkewe alimlea. Lazima tuseme ukweli, alimlea hasa. Kijiko alikitumbukiza kwanza kwenye maji ya moto kisimchome midomo. Maji ya kuoga aliyapima kwa kiwiko chake mwenyewe. Alimshonea kamba laini kiunoni mwa suruali badala ya mkanda, akamzungushia kiti cha barazani kila jua liliposogea. Walikuwa wameishi pamoja muda mrefu, watoto wameolewa na kuoa wakatawanyika, wamebaki wawili wakiitana mama watoto na baba watoto katika nyumba isiyo na watoto. Na kama kulikuwa na mtu mmoja chini ya jua ambaye Ulimi angempa roho yake aishike, ni huyo.

Ndiyo maana jambo la vikombe alimkabidhi yeye.

Wazo lilikuwa la Ulimi mwenyewe. Kiwandani nafasi yake ilikuwa ikishikiliwa na msaidizi wake, mwanamke mwenye maneno makali ambaye wote walimwita Pilipili, na ambaye Ulimi hakumpenda hata kidogo, ingawa alijua anaonja vizuri. Alimtuma mkewe kwa Pilipili, akarudi na makopo matatu. Moja lilikuwa na chai ya mlimani, jingine chai ya bondeni, na la tatu chai iliyokaa stoo mpaka ikachoka. Tofauti ya chai hizo, alisema Ulimi, mtoto wa mwonjaji angeitaja akiwa bado ananyonya. Kila asubuhi mkewe angepika vikombe vitatu, avipange anavyojua yeye, na Ulimi angefunga macho kwa kitambaa na kutaja kipi ni kipi. Siku atakapopatia mfululizo, atajua amepona na atarudi kazini. Asipopatia, basi. Meneja alikuwa amemwambia nafasi yako ipo, wewe tu useme uko tayari. Hakuna wa kumpima Ulimi ila Ulimi.

Asubuhi ya kwanza alikosea vyote. Mkewe akamwambia wazi, umekosea. Ya pili akakosea, akaambiwa. Ya tatu alimwambia mkewe apeleke vikombe hivyo kwa kuku, akajilaza, akageukia ukuta. Hakula mchana wala jioni. Dada yake alikuja na maneno yake ya sokoni, hakugeuka. Mkewe akakaa pembeni ya kitanda na bakuli la uji mpaka uji ukaganda, akimbembeleza, baba watoto, kijiko kimoja tu, na yeye akaujibu ukuta kwamba mwonjaji asiye na ulimi ni gunia tupu, afadhali wangeutupa pamoja na ule utumbo. Ilikuwa hivyo siku hiyo na siku zilizofuata. Mifupa ya mabega ikaanza kuchomoza kwenye fulana.

Kisha asubuhi moja mkewe akaja na vikombe bila kuombwa. Ulimi akaonja kwa kumridhisha tu, akataja ovyo, na mkewe akavitazama vikombe, akasema, umepatia kimoja.

Kimoja si kitu, mtu akibahatisha atapata kimoja. Lakini siku hiyo alikula uji wote. Baada ya muda ikawa umepatia viwili, kisha tena kimoja, kisha viwili, na siku moja mkewe akasema kwa sauti ya chini, umepatia vyote vitatu. Ulimi alivua kitambaa machoni akamtazama. Mkewe alikuwa akikusanya vikombe.

Ungemwona mtu yule kuanzia siku hiyo. Alianza kutembea mpaka getini, kisha mpaka njia panda, kisha mpaka dukani, huku akijua kila choo kilichopo njiani na tabia za wenyewe. Alirudia raha zake ndogondogo akizihesabia neema: kukaa chooni bila hofu, kujikuna mgongo kwenye nguzo ya baraza, kuvaa viatu vya kamba, kulala chali. Zaidi ya yote alianza kunywa chai. Aliyekuwa akitema maisha yake yote, sasa alimeza. Alikaa barazani na kikombe chake cha moto, akafyonza kwa kishindo, akaiacha ishuke mpaka kwenye utumbo wake mpya. Ladha? Ladha ya ufunguo ilikuwa bado ipo, tusidanganyane. Lakini alijiambia hiyo ni ukungu wa juu tu, chini yake ulimi unafanya kazi yake kimyakimya, maana kama haufanyi kazi anapatiaje kila asubuhi? Mtu huweza kuusadiki mdomo wa mwenzake kuliko wake, akimpenda vya kutosha.

Kichwa kikamvimba. Alimwambia dada yake, akawaambia majirani, akampigia simu meneja. Mkewe akaanza visingizio. Subiri kidogo baba watoto, ngoja upate nguvu, ngoja mvua ziishe, mguu bado una ganzi. Ulimi akamtania kwamba ameonja raha ya kuwa na mume nyumbani kutwa, sasa hataki kumrudisha kiwandani. Mkewe akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha mdomoni tu. Jumapili aliaga anakwenda kumtazama mgonjwa mahali, akachelewa kurudi, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Ulimi hakuuliza. Alikuwa akipiga pasi koti lake jeupe.

Jumatatu akaingia chumba cheupe, na wote waliokuwemo wakasimama. Meneja alitoa hotuba fupi na mtu wa kuchemsha maji akampa mkono mara mbili. Pilipili alimsalimia, akamwachia nafasi mbele ya meza, akashika kijiko chake akafuata nyuma kama zamani. Bakuli zilikuwa safu nzima, rangi kutoka kahawia hadi wekundu wa shaba. Ulimi akavuta pumzi. Moyo ulimdunda kama kijana anayeposa.

Akafyonza ya kwanza, akatema. Safi, ipite. Ya pili, imelala sana. Aliongea kwa sauti ile ile ya miaka yote, na alijisikia mzima, nawaambia, mzima kuliko siku aliyozaliwa. Ya tatu, safi. Ya nne, akaizungusha, akaitema, akasema safi kabisa, ipite.

Mtu wa kuchemsha maji akaanza kukagua sakafu. Meneja alitazama dirishani kwa bidii ya mtu anayesubiri ndege.

"Rudia hiyo ya nne," akasema Pilipili.

Ulimi akarudia, kwa kumfunza adabu. Safi, akasema tena.

"Ina moshi," Pilipili akasema. "Bomba la kikaushio lilitoboka usiku, moshi ukaingia kwenye majani. Nimeiweka hapo makusudi. Inanuka tangu mlangoni."

Damu ikamchemka Ulimi. Alimwambia mbele ya watu wote kwamba anajua anachokitafuta, amekionja kiti na amekipenda, na kwamba kuna wanawake ambao hata mgonjwa hawamwonei haya. Meneja akakohoa akasema jamani tupumzike kidogo, akatoka, na wengine wakapenya nyuma yake mmoja mmoja. Wakabaki wawili na bakuli zao. Ulimi akainamia ile ya nne, akaingiza pua karibu na chai, akavuta kwa nguvu zake zote. Hakusikia kitu. Ufunguo, basi.

Pilipili aliweka kijiko chake mezani.

"Mkeo alikuja kwangu jana," akasema. "Aliniomba nionje nyuma yako. Ukikosea nirekebishe kwenye vitabu jioni, wewe usijue. Nilimwambia siwezi. Alilia sana, kaka. Lakini siwezi."

Ulimi alibaki amesimama. Kwanza aliona aibu kwa ajili ya mkewe, kwenda kumlilia mwanamke huyu, kati ya wote. Kisha swali likamjia, akaliuliza kwa sauti kabla hajalipima.

"Alijuaje kwamba nitakosea?"

Hakuhitaji jibu la Pilipili. Lilimshukia mwenyewe hapo hapo, kutoka kichwani mpaka kwenye mshono, na akatafuta kiti akakaa. Asubuhi zote zile, na vikombe vyote vile. Alikuwa amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na mkono uliokuwa ukimpimia maji ya kuoga. Alivikwa kilemba cha ukoka akakivaa mpaka kiwandani, akatembea nacho mbele ya watu akidhani ni taji. Hakuwahi kuikasirikia saratani kama alivyokasirika wakati huo. Saratani haikuwahi kumwambia inampenda.

Alirudi nyumbani mapema. Mkewe alikuwa barazani akichambua mchele kwenye ungo, na alipomwona getini akasimama, ungo ukiwa bado mikononi.

Ulimi hakupanga kumtega. Ilitoka tu. Alipoulizwa ilikuwaje, alisema, "Nimepatia zote."

Na akamtazama usoni kuona furaha. Kama angeiona furaha, ya mtu aliyeshangaa, ya mtu aliyedhani mume ataaibika na kumbe Mungu amemnusuru, labda angemsamehe pale pale. Lakini alichokiona ni mabega ya mkewe kushuka kwa utulivu, kama ya mtu aliyesikia kwamba Pilipili amebadili nia na mpango umekwenda vizuri. Akashukuru Mungu, akasema, unaona sasa, nilikuambia. Akaanza hata kutabasamu. Ilimchoma Ulimi kuliko ile bakuli ya nne, kuliko macho ya watu kwenye sakafu.

"Pilipili alikataa mpaka mwisho," akamwambia.

Mkewe akauweka ungo chini taratibu. Mchele kidogo ukamwagika na hakuuzoa.

Wakakaa, yeye kwenye kiti chake, mkewe kwenye ngazi. Kisha mkewe akaanza kueleza, bila kulia, kama mtu aliyechoka kubeba. Alisema siku zile za kwanza alimwambia ukweli, na ukweli ulimlaza akitazama ukuta. Alisema alikuwa akizihesabu mbavu za mumewe kila alipombadilisha fulana. Alidhani atadanganya mara moja tu, kwa ajili ya bakuli moja la uji. Na uji uliliwa. Kesho yake akaogopa kuurudisha ukweli, na keshokutwa akaogopa zaidi. Alisema alikuwa akimwomba Mungu ulimi urudi wenyewe, uwahi uongo kabla haujafika kiwandani, ili uongo ugeuke kweli na asiwepo wa kujua.

"Ningefanya nini?" akauliza. "Ungekufa."

Ulimi alijua ni kweli. Alijua kwamba miguu hii iliyomfikisha kiwandani ilitembea kwa nguvu ya uongo ule, na hiyo haikumpunguzia maumivu hata chembe. Ilimzidishia, maana sasa hata kupona kwake hakukuwa kwake.

"Daktari alinikata akanionyesha anakata wapi," akasema. "Wewe umenikata nimefungwa macho."

Mkewe aliinamisha kichwa, na Ulimi akaona mvi zilizokuwa hazipo kabla ya ugonjwa. Alitaka kumshika na alitaka kuondoka, vyote kwa pamoja. Hakufanya hata kimoja. Kulikuwa na jambo moja bado lililomkaba, nalo lilikuwa kubwa kuliko aibu na kuliko kazi, na aliogopa kuliuliza kuliko alivyoogopa kisu. Daktari alisema wengine hurudi mapema, wengine wanachelewa. Katika asubuhi zote hizo, chini ya uongo wote huo, huenda ulimi ulikuwa umeanza kurudi. Huenda kulikuwa na siku. Na mtu pekee aliyeijua ni huyu aliyekaa kwenye ngazi.

"Niambie kweli," akasema. "Ipo hata siku moja niliyopatia?"

Mkewe akainua uso haraka.

"Ipo," akasema. "Juzi, asubuhi ile ya mvua. Ulipatia vyote vitatu, kweli kabisa. Mlimani, bondeni, kuukuu, kama nilivyovipanga. Nilitoka nje nikalia kwa furaha. Haki ya Mungu, baba watoto, siku hiyo sikukudanganya."

Macho yake hayakupepesa. Sauti haikutetemeka. Ulimi akakumbuka asubuhi ya mvua, kitambaa machoni, mvuke usoni, sauti ya mkewe ikisema umepatia vyote vitatu. Ilikuwa sauti hii hii. Ilikuwa hivi hivi siku zote.

Alimtazama mkewe muda mrefu, uso aliokuwa akiujua kuliko uso wake mwenyewe, akiutafuta ukweli humo kila mahali. Alitaka kumwamini kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote maishani mwake, na hakuweza.